Kripto dhidi ya benki: siku mambo yakiharibika, utamdai nani?

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikifanya kazi ya usuluhishi wa hesabu katika benki, kazi ambayo wateja wengi hawajui hata kama ipo. Unakaa na orodha mbili, moja ya miamala iliyotoka kwenu na nyingine ya miamala iliyopokelewa upande wa pili, ukazilinganisha mstari kwa mstari mpaka ubaki na ile michache isiyokutana, na hiyo michache ndiyo siku yako nzima. Naitaja kazi hiyo mapema ili ieleweke kwamba shaka yangu juu ya sarafu za kripto haikutokana na kuichukia teknolojia, wala sikuiokota kwenye kitabu cha uchumi. Ilianzia mezani.

Kuna mteja alikosea tarakimu mbili za namba ya akaunti, fedha zikaingia kwa mtu asiyemfahamu. Akajaza fomu, tukaiandikia benki ya upande wa pili, kiasi kile kikazuiwa, aliyekipokea akatafutwa na kutakiwa aridhie, na siku ya tisa fedha zikarudi. Siku tisa ni nyingi mno, na maneno makali aliyotutupia mteja yule tulistahili.

Mwaka huohuo mwenzangu wa meza ya jirani alihamisha akiba yake, iliyokuwa katika sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye thamani ya dola, kutoka kwenye pochi ya simu yake kwenda kwenye soko la kubadilishia sarafu. Saa mbili baadaye aliniletea simu bila kusema neno. Anwani ya kupokelea ilikuwa na herufi na tarakimu 42, zikianza na 0x. Nilichukua karatasi nikazilinganisha moja moja kwa kalamu, kama nilivyozoea, na zote zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwingine. Anwani ileile hutumika kwenye mitandao zaidi ya mmoja, naye alikuwa amechagua mtandao wenye ada nafuu ambao soko lile halikuwa likiupokea. Daftari la blokucheni, yaani daftari la wazi la miamala yote ya mtandao, lilionyesha kwamba muamala umekamilika na umethibitishwa, mtu yeyote duniani angeweza kuufungua akauona, ilhali kwenye akaunti yake hapakuwa na kitu. Aliandika barua pepe akajibiwa na mashine. Akaandika tena akapewa namba ya malalamiko, na namba hiyo ndiyo mali pekee aliyobaki nayo.

Hoja ninayoileta ni moja, na ningependa tusitoke nje yake. Kripto ilituahidi kwamba hatutahitaji tena kumwamini mtu, lakini kilichoondoka hasa ni mtu wa kudaiwa. Imani yenyewe ipo palepale, ila imehamia kwa watu wasiobanwa na sheria kama wanavyobanwa wenye benki.

Nisije nikaonekana wakili wa mabenki. Waraka wa kuanzisha Bitcoin, sarafu ya kwanza ya kripto, ulitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au kundi, aliyejiita Satoshi Nakamoto, wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers ya Marekani kufilisika tarehe 15 Septemba. Ndani ya bloku, yaani ukurasa wa daftari la Bitcoin, ya kwanza kabisa, ya tarehe 3 Januari 2009, kimepachikwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kilichosema kwamba waziri wa fedha wa Uingereza alikuwa karibu kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Hasira ile ilikuwa halali. Halafu kuna jambo ambalo mabenki hayapendi kulitangaza: fedha uliyoiweka kwao, kisheria, si yako tena. Tangu hukumu ya Foley dhidi ya Hill, iliyotolewa Uingereza mwaka 1848, msimamo ni kwamba amana ikishapokelewa huwa mali ya benki, na wewe unabaki kuwa mdai wake. Benki huikopesha kwa miaka mingi huku ikikuahidi kwamba ukiitaka kesho utaipata, ahadi inayotimizika mradi tu wote msije siku moja.

Wakati mwingine wote huja siku moja. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock ya Uingereza walipanga foleni barabarani, na waandishi wengi wakawacheka kwa kutaharuki, lakini ukiisoma bima ya amana ya Uingereza ya wakati huo utaona kwamba foleni ile ilikuwa na akili: ililinda pauni 2,000 za mwanzo kikamilifu, kisha asilimia 90 tu ya pauni 33,000 zilizofuata, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Mtu mwenye akiba ya maisha alikuwa na kila sababu ya kudamka alfajiri. Mwezi uliofuata asilimia 90 ile ikafutwa na kinga ikawa kamili hadi pauni 35,000, na kabla ya miaka minne kupita ilikuwa imefika 85,000. Marekani nayo ilianzisha shirika lake la bima ya amana, FDIC, mwaka 1933, baada ya maelfu ya mabenki kuanguka na amana za watu. Leo kikomo chake ni dola 250,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Ukizisoma sheria za benki kwa utulivu utaona kwamba karibu kila kifungu kina msiba wake nyuma.

Upande wa kripto misiba imetosha, lakini vifungu ni vichache na vimechelewa. Mt. Gox, soko la kubadilishia bitcoin lililokuwa Tokyo, lilianguka mwaka 2014 likiwa limepoteza takribani bitcoin 850,000, ambapo 200,000 zilipatikana baadaye. Wadai walianza kulipwa sarafu zao Julai 2024, yaani baada ya miaka kumi. Japani ikaanza kuyasajili masoko hayo mwaka 2017, na Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni zake mwaka 2023, lakini hata kanuni hizo hazikumpa mwenye sarafu bima kama ile ya amana ya benki.

Katikati ya hapo likaja soko la FTX, lililoomba kinga ya ufilisi tarehe 11 Novemba 2022 huku dola zipatazo bilioni 8 za wateja zikiwa hazipo. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Kilichonishtua kwenye kesi ile kilikuwa kidogo kuliko bilioni nane: mahakama ilielezwa kwamba ndani ya programu ya soko lile, kampuni dada yake, Alameda Research, ilikuwa imewekewa ruhusa ya kuwa na salio hasi, ruhusa ambayo mteja wa kawaida hakuwa nayo. Kwa mtu wa kazi yangu, salio hasi la kiwango kile ni jambo la kumwamsha mkubwa usiku huohuo. Pale hapakuwa na mtu aliyekaa na orodha mbili, na kama alikuwepo, hakuwa na wa kumwamsha.

Nikitakiwa kuchagua kisa kimoja cha kumpa mtu asome kabla hajaweka hata senti moja, nitampa cha Celsius. Kampuni hiyo ilipokea sarafu za watu kwa ahadi ya riba nono, ikasimamisha utoaji wa fedha Juni 2022, na mwezi uliofuata ikaomba kinga ya ufilisi. Januari 2023 jaji akaamua kwamba sarafu zilizokuwa kwenye akaunti za riba, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 4, ni mali ya Celsius, kwa sababu masharti waliyoyakubali wateja kwa kubonyeza kitufe yaliihamishia kampuni umiliki. Linganisheni na ile hukumu ya 1848. Watu waliikimbia benki kwa sababu benki inaimiliki amana yao, wakaangukia mahali ambapo umiliki huhama vilevile, isipokuwa huku hakuna bima ya amana, hakuna kiwango cha mtaji kinacholazimishwa na mdhibiti, na hakuna benki kuu ya kumkimbilia fedha zikikauka.

Jambo la mwisho ni la Machi 2023, na nashangaa kwamba halitajwi sana. Silicon Valley Bank ilifungwa Ijumaa tarehe 10, siku moja baada ya wateja wake kujaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Usiku huo kampuni ya Circle, inayotoa USDC, sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye dola, ikatangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba inayoitegemeza sarafu hiyo zimekwama ndani ya benki hiyo. Jumamosi mabenki yamefungwa, lakini masoko ya kripto hayalali, na sarafu iliyopaswa kuwa dola moja ikashuka chini ya senti 90. Ilirudi mahali pake baada ya serikali ya Marekani kutangaza Jumapili jioni kwamba wenye amana wote wa benki ile watalipwa, hata waliozidi kikomo cha bima. Waliobuni mfumo wa kujitenga na mabenki na serikali waliokolewa na serikali, kupitia benki.

Nawakaribisha kwa hoja.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuandika bila kejeli, kwa maana mada hii huwa inaishia kwenye matusi. Hata hivyo naona umeichanganya Bitcoin na watu wanaoifanyia biashara. Mt. Gox, FTX na Celsius ni makampuni, na kila aliyekuwa ameshika mwenyewe ufunguo wake wa siri, yaani msimbo unaomwezesha mtu kuzihamisha sarafu zake, hakupoteza hata chembe siku makampuni hayo yalipoanguka. Daftari la Bitcoin lenyewe limeendelea kuandika bloku moja kwa wastani wa kila dakika 10 tangu 2009, na sarafu bandia zilizopenya Agosti 2010 kwa kasoro ya programu zilifutwa ndani ya saa chache.

Pili, umeuonyesha upande wa benki kwa mifano ya Uingereza na Marekani, ambako bima ya amana ina serikali tajiri nyuma yake. Lebanoni tangu mwishoni mwa 2019 watu wenye amana za dola wamezuiwa kuzitoa kama wapendavyo, na wako walioingia benki na silaha ili wapewe fedha zao wenyewe. Saiprasi mwaka 2013, waliokuwa na zaidi ya yuro 100,000 katika Bank of Cyprus waligeuziwa asilimia 47.5 ya ziada hiyo kuwa hisa za benki bila kuulizwa. Hao nao wana mtu wa kumdai. Ofisi yake inajulikana, na imewasaidia nini? Ongeza na Zimbabwe, ambako Januari 2009 ilitolewa noti ya dola trilioni 100. Bitcoin haitazidi sarafu milioni 21, na hakuna waziri anayeweza kuamka asubuhi akaibadilisha namba hiyo.

Mwisho, wateja wa FTX umewaacha njiani. Mpango wa malipo ulioidhinishwa Oktoba 2024 uliwapa wengi wao zaidi ya kile walichokuwa wakidai.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, kuhusu Lebanoni sina utetezi wowote na sitautafuta. Pale haki ya kudai imebaki kwenye karatasi, na mtu aliyekuwa na bitcoin chini ya mamlaka yake mwenyewe mwaka ule alikuwa na hali bora kuliko mwenye akaunti ya benki. Mahali ambapo serikali yenyewe imemgeukia raia, shaka yangu juu ya kripto inapungua sana, na nalisema hili bila kinyongo.

Kuhusu ufunguo wa siri, nakubali kwamba aliyekuwa nao hakuguswa na anguko la FTX. Lakini tutazame maana ya kuwa nao. Umepewa maneno 12 au 24, uyaandike mahali na kuyatunza kwa maisha yako yote. Yakipotea hakuna kaunta ya kwenda na kitambulisho, na akiyaona mtu mwingine amekuwa mmiliki kamili kama wewe. Kuna mtu wa Newport, Wales, ambaye diski yake yenye ufunguo wa bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa kwa bahati mbaya mwaka 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiiomba halmashauri ruhusa ya kuchimbua dampo. Benki mlangoni pake wapo watu wanaosahau namba ya siri kila siku, wazee kwa vijana, na kumrudishia mtu njia ya kuifikia akaunti yake ni kazi ya nusu saa. Mfumo unaomtaka kila mwanadamu awe mtunza hazina asiyekosea hata mara moja sijui umebuniwa kwa ajili ya wanadamu gani.

Kwamba hakuna mtu wa kuibadilisha namba, ningekuwa mwangalifu. Mwaka 2016 mfuko wa The DAO, uliojengwa juu ya Ethereum, mtandao mwingine wa kripto ambao sarafu yake huitwa ether, ulichotwa ether zipatazo milioni 3.6 na mtu aliyetumia kasoro ya programu yake. Julai mwaka huo jumuiya ikakubaliana kubadilisha kanuni ili fedha zirudishwe. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, ambalo hadi leo linaitwa Ethereum Classic. Sisemi walikosea. Nasema kwamba msiba ulipokuwa mkubwa vya kutosha, watu walipatikana na daftari lisilobadilika likabadilika, na swali ni nani atakayepatikana msiba unapokuwa wa mtu mmoja mwenye akiba ya miezi michache.

Kikomo cha milioni 21 nacho kinazuia idadi ya sarafu, hakizuii thamani yake kuyumba. Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000, na Novemba ya mwaka uliofuata ilishuka chini ya 16,000. Ndiyo maana watu wanaoukimbia mfumuko wa bei wengi huishia kwenye sarafu zilizofungwa kwenye dola, na kuishika sarafu hiyo ni kuiamini benki kuu ya Marekani pamoja na kampuni iliyosimama katikati. Kampuni ya Tether, inayotoa sarafu ya aina hiyo, ilitozwa faini ya dola milioni 41 mwaka 2021, baada ya mdhibiti wa Marekani kukuta kwamba, katika kipindi cha miezi 26 alichokichunguza kati ya 2016 na 2018, akiba yake ilitosheleza sarafu zilizokuwa sokoni kwa asilimia 27.6 tu ya siku.

Na wateja wa FTX kweli walilipwa, ila madai yao yalithaminishwa kwa bei ya siku ya ufilisi, bitcoin ikiwa chini ya dola 17,000. Waliokuwa na sarafu walirudishiwa dola za wakati ule, bei ikiwa imepanda mara kadhaa. Tazama pia ni nani aliyewalipa: mahakama ya ufilisi, mawakili, wakaguzi wa hesabu na mfilisi aliyekaa kuzitafuta mali moja baada ya nyingine. Ni watu walewale wa karatasi tulioambiwa kwamba wamepitwa na wakati.

#4 Mchangiaji

Nimesoma yote na nina swali fupi. Januari 2024 mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani aliruhusu mifuko inayoshika bitcoin kuuzwa kwenye soko la hisa, na makampuni makubwa ya uwekezaji kama BlackRock yakaingia. Je, huoni kwamba mjadala umekwisha, na kwamba waliokuwa na shaka kama wewe wamepitwa na faida?

#5 Mleta uzi

Faida wamepata wengi, na aliyenunua mapema akatulia ana haki ya kunicheka. Sikuzungumzia bei popote kama hoja kuu, kwa sababu bei haimwambii mtu nani atamjibu siku ya tatizo.

Kuhusu mifuko hiyo, iangalie ilivyoundwa. Anayenunua hisa ya mfuko haushiki ufunguo wowote. Ananunua kupitia dalali aliyesajiliwa, sarafu zinatunzwa na kampuni nyingine yenye mkataba wa utunzaji, hesabu zinakaguliwa, na hati zimewekwa kwa mdhibiti. Mimi mtu kama huyo sina ugomvi naye, maana anao watu wa kuwadai na anajua anwani zao. Lakini mfumo ulioanza kwa kumwondoa mtu wa kati umempokea kwa mikono miwili, tena wanne kwa mpigo, kila mmoja na ada yake. El Salvador ilipita njia inayofanana kwa upande mwingine: Septemba 2021 iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali ambayo mfanyabiashara alipaswa kuipokea, na Januari 2025, kufuatia makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge lake likaondoa ulazima huo.

Kwa wanaoniuliza faraghani wafanye nini, mimi si mshauri wa uwekezaji. Nawaambia wasome masharti kabla ya kubonyeza, watafute mahali palipoandikwa sarafu zitakuwa mali ya nani kampuni ikifilisika, mahakama ya nchi gani itasikiliza shauri, na kama kuna binadamu mwenye jina anayepokea malalamiko. Wakikuta majibu yote matatu, wameshaukaribia mlango wa benki, na hapo walinganishe ada.

Yule mwenzangu tulionana wiki iliyopita. Bado ana ile namba ya malalamiko, na bado hufungua ukurasa wa muamala wake mara kwa mara. Kila bloku mpya ikiongezwa kwenye daftari, hesabu ya uthibitisho hupanda kwa moja, nayo sasa imepita milioni kadhaa. Alinionyesha. Pembeni pana alama ya vema ya kijani, na chini yake pameandikwa kwamba muamala umefanikiwa.